MTAA WENU UMEBADILISHWA JINA? SOMA HII HISTORIA KABLA YA KLINIKI IJAYO (sehemu 1 mpaka 7)

SEHEMU YA 1: Mtoto tuliyemtafuta siku nne

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi baba watoto mnaosomaga kimya kimya bila kusema kitu. Nawaona.

Leo siongelei homa wala maziwa ya mama. Naongelea anwani. Usipite kwanza, nisikilize.

Miaka michache iliyopita wodini kwetu tulimruhusu mama mmoja na mtoto njiti. Alikuwa amefikisha kilo moja na gramu mia nane, ananyonya vizuri, mama kashajua kumbeba kifuani kangaruu. Tukampa tarehe ya kurudi baada ya siku saba. Siku ikafika, hakuja. Kesho yake, hakuja. Namba ya simu kwenye kadi ilikuwa ya shemeji yake, nayo haipatikani.

Tukamuomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuate nyumbani. Dada wa watu kaenda na jina la mtaa kama lilivyoandikwa kwenye kadi. Kafika, kaona nguzo mpya na vibao vipya, majina mengine kabisa. Kamuuliza kijana wa chipsi, kijana kasema, "Dada, huku hakuna mtaa wa hivyo." Kauliza bodaboda, nao hawajui. Karudi.

Siku ya nne ndo kampata bibi muuza vitumbua, mkazi wa siku nyingi. Bibi kamwambia, "Huo mtaa ndo huu uliosimama mwanangu. Jina wamebadilisha." Nyumba ilikuwa ya tatu kutoka pale.

Mtoto alikutwa wa baridi, amechoka, ananyonya kidogo anaacha. Akaletwa siku hiyo hiyo. Namshukuru Mungu alipona, sasa hivi anakimbiza kuku. Lakini mimi zile siku nne sijazisahau. Hakuna aliyedanganya. Mama alitaja jina analolijua tangu aolewe pale, na sisi tukaandika alivyotaja. Kilichotushinda ni jina la mtaa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuulizia majina ya mitaa. Nimesoma, nimeuliza wazee, na nimegundua jiji letu hili lina tabia hiyo tangu zamani. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Jiji lililobadilisha majina mara tatu

Dar es Salaam ilianza kujengwa miaka ya 1860 na Sultani Majid wa Zanzibar. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo. Wakapanga njia za mjini na kuzipa majina ya kwao. Ile barabara maarufu ya katikati ya jiji waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya miakasia.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Waingereza wakachukua mji. Barabara ikaitwa Acacia Avenue. Miti ni ile ile, lugha ndo imebadilika. Mwaka 1961 tukapata uhuru, ikaitwa Independence Avenue. Baadaye ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji, aliyefariki kwenye ajali ya ndege Oktoba 1986. Na halikutoka hewani hilo jina: chama chake cha FRELIMO kilianzishwa hapa hapa Dar mwaka 1962.

Hebu fikiria bibi aliyezaliwa enzi za Mjerumani akakaa sehemu moja mpaka uzee. Hajahama hata hatua moja, lakini anwani yake imeandikwa kwa majina manne.

Njoo Kariakoo. Jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwa Waingereza: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita, walioweka kambi pale. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likabaki. Mtaa wa Uhuru wazee wanaujua kama Kichwele. Mtaa wa Lumumba ulikuwa unaitwa New Street, na ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Patrice Lumumba wa Kongo alipouawa Januari 1961, Afrika nzima iliumia, na jina lake likawekwa kwenye mitaa ya miji mingi. Mtaa wa Kipata nao sasa ni mtaa wa Kleist Sykes.

Barabara ya Pugu ikawa ya Nyerere. Port Access ikawa ya Mandela. Wenzetu wa Unguja wana Creek Road iliyokuja kuitwa Benjamin Mkapa. Na wasomaji wangu wa Nairobi mnajua wenyewe: Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, Government Road ikawa Moi Avenue, Victoria Street ikawa ya Tom Mboya.

SEHEMU YA 3: Jina ni heshima, tena kubwa

Kuna watakaosema, "Sasa si wangeacha tu majina ya zamani, usumbufu wa nini?" Hapana jamani. Mimi sipingi kubadilisha.

Ukipita na daladala barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwambie binti yako huyo alikuwa nani. Alizaliwa Dar mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji kwenye kikundi cha ngoma cha akina mama, na alipoingia TANU aliwaita wanawake wenzake kwa maelfu. Akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000. Ile barabara kabla ya kupewa jina lake iliitwa UWT. Yaani mwanamke aliyetoka gerezani leo anatajwa na kila konda. Jina kama hilo ni la thamani, usiku na mchana linafundisha watoto wetu bila ada.

Kwa hiyo tatizo si kibao. Shida inaanza pale jina linapobadilishwa kwenye nguzo halafu kwenye makaratasi yetu linabaki la zamani, na anayekutafuta hana habari.

Mfano mzuri uko kwetu watu wa afya. Julai 2013, Rais Obama alipokuja Tanzania, Ocean Road ikapewa jina la Barack Obama. Lakini hospitali ya pale, iliyojengwa na Wajerumani ikafunguliwa mwaka 1897, leo taasisi ya saratani, imebaki na jina la Ocean Road. Mama akipewa rufaa ya saratani ya shingo ya kizazi anaambiwa nenda Ocean Road. Anayetoka mkoani anatafuta barabara ya Ocean Road, anaona kibao cha Obama, anaanza kuogopa amepotea. Hujapotea mama. Nyoosha tu, bahari iwe upande wako, utafika.

Na Muhimbili je? Mwaka 1956 ilifunguliwa kwa jina la Princess Margaret, dada yake Malkia wa Uingereza. Wazee bado wanalitaja kwa matamshi yao matamu. Jina la Sewa Haji, yule tajiri wa Kihindi aliyetoa fedha za hospitali ya zamani ya watu wa kawaida, bado lipo kwenye jengo la wodi. Ukimpeleka mgonjwa ukaambiwa "panda Sewa Haji", unatamka jina la mtu aliyefariki mwaka 1897.

SEHEMU YA 4: Anwani iliyookoa mji

Hii tulifundishwa chuoni, nikaipenda sana. London, mwisho wa Agosti 1854, kipindupindu kiliibuka mtaa wa Broad Street, eneo la Soho. Ndani ya siku chache watu wanakufa nyumba hadi nyumba. Wakati ule wakubwa wengi waliamini ugonjwa unatokana na hewa mbaya.

Daktari mmoja, John Snow, alikuwa na wazo tofauti. Alihisi ni maji. Akaomba orodha ya waliokufa kwenye ofisi ya usajili wa vifo. Orodha ilikuwa na anwani. Akaanza kutembea nazo, mlango kwa mlango, akiuliza mlikuwa mnachota wapi. Wengi waliokufa walikuwa jirani na bomba moja la kupampu la Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa lile bomba ukaondolewa. Jumla walikufa watu 616.

Baadaye mchungaji Henry Whitehead, aliyekuwa anawajua watu wa mtaa ule vizuri, akagundua pa kuanzia: nyumba namba 40. Palikuwa na mtoto wa miezi mitano aliyeharisha. Mama yake alifua nepi akamwaga maji kwenye shimo la maji machafu, na shimo lenyewe lilikuwa karibu kabisa na kisima, linavuja.

Hapo kuna mafunzo mawili. La kwanza mnalijua nikilisema kila siku: kinyesi cha mtoto mchanga si "kisafi", kinabeba vimelea kama cha mtu mzima. Kitupwe chooni, na maji ya nepi yasimwagwe karibu na kisima. La pili ndo la leo: bila anwani sahihi, Snow angekuwa na orodha ya majina ya marehemu tu. Asingeona kitu.

Na mwaka 1936 mtaa ule nao ukabadilishwa jina, ukawa Broadwick. Leo ukienda London ukaulizia Broad Street ya Soho, utazunguka kama yule mhudumu wetu.

Msione ni mambo ya Ulaya. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka hapa hapa Dar, kikaanzia Kinondoni. Timu za afya zilikuwa zinauliza kila mgonjwa swali lile lile: unakaa wapi? Zinataka kwenda kutibu maji na kuwaangalia wale mliobaki nyumbani.

SEHEMU YA 5: "Mtaa" ni mitaa miwili

Hapa sikilizeni kwa makini, maana ndipo tunapokoseana mapokezi.

Kwetu Tanzania neno "mtaa" lina maana mbili. Kuna mtaa wa serikali ya mtaa, wenye mwenyekiti na mtendaji, eneo zima lenye nyumba nyingi. Halafu kuna mtaa kwa maana ya njia, ile yenye kibao kwenye kona. Ukiulizwa "mtaa gani?", mmoja anataja wa mwenyekiti, mwenzie anataja wa kibao. Karani anaandika alichosikia. Wote mko sahihi, na bado hatutakupata.

Mwezi Februari 2022 serikali ilizindua operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima, ili ikamilike kabla ya sensa ya Agosti 23 mwaka huo. Ndo mkaona vijana wanapita na simu, wanauliza, wanabandika namba mlangoni, nguzo zinachimbiwa. Njia ambazo hazikuwahi kuwa na jina zikapata. Nyingine zilipewa jipya: kwetu kulikuwa na mbili zenye jina moja ndani ya kata moja, ikabidi moja ibadilishwe. Ile ya mama wa njiti ndo hiyo.

Kwa hiyo anwani yako kamili sasa ina vitu vinne: namba ya nyumba, jina la barabara au mtaa wa kibao, kata, na postikodi yenye tarakimu tano. Tarakimu ya kwanza ni ya kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Za Dar zinaanza na 1, za Zanzibar zinaanza na 7. Hailengi mlango wako peke yake, mnaitumia kata nzima, kwa hiyo usiitoe bila namba ya nyumba.

Lakini na mimi niwe mkweli. Hakuna bodaboda atakayekuleta kwa postikodi. Jiji letu linatembea kwa majina ambayo hayakutoka ofisini: Buguruni Sheli, Tandale kwa Mtogole, Mbagala Rangi Tatu, Magomeni Mapipa. Majina hayo yamezaliwa na watu, na yana nguvu. Sheli inaweza kuvunjwa, kituo kikabaki Sheli. Ndo maana nasema andika vyote viwili, la kibao na la watu.

SEHEMU YA 6: Sasa fanya hivi

Chukua daftari. Ukimaliza kusoma, toka nje kasome kibao chenu. Usione aibu, wengi hatujui mtaa wetu unaitwaje rasmi. Kama kibao hakipo au kimeng'olewa, ofisi ya serikali ya mtaa watakwambia.

1. Kadi za kliniki kwanza. Ya mjamzito na ya mtoto. Siku ya kliniki mwambie nesi kabla ya kupima uzito: "Mtaa wetu umebadilishwa jina." Arekebishe na kwenye rejesta, si kwenye kadi tu, maana kadi unaondoka nayo wewe. Jina la zamani lisifutwe, liandikwe pembeni na neno "zamani". Siku nyingine ndilo litakalomsaidia anayekutafuta.

2. Weka alama moja isiyohama. Msikiti, kanisa, shule, kituo cha daladala. Sio "karibu na duka la Mangi", Mangi akihama tumekwisha.

3. Simu mbili. Yako na ya mtu anayelala nyumba moja na wewe au jirani wa ukuta kwa ukuta. Ya shemeji wa Mwanza haitatusaidia saa nane usiku.

4. Mjulishe mjumbe wako. Kama umehamia karibuni ndo kabisa. Mjumbe akikujua kwa sura na kwa jina la mtoto, nusu ya kazi imeisha.

5. Shule ya watoto. Mtoto akiugua darasani mwalimu anafungua lile faili uliloandika darasa la kwanza. Je, lina anwani gani?

6. Bima, benki, kazini, kitambulisho. Nenda mmoja baada ya mwingine, usidhani ukibadilisha kwa mmoja wengine wote wanaona. Mtendaji anaweza kukuandikia barua ya utambulisho inayoeleza kwamba hukuhama, ila jina la mtaa ndo limebadilika. Hilo ni muhimu, lisionekane kama umehama. Toa kopi kadhaa uweke.

7. Usichohitaji kuhangaika nacho. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinaeleza alizaliwa lini na wapi siku ile. Kibao kipya hakibadilishi alikozaliwa. Na kwa wenye hati za viwanja, hati inatambua namba ya kiwanja na kitalu. Akija mtu mlangoni anadai hela "akubadilishie jina la mtaa kwenye hati", mwambie asubiri, kisha nenda ofisi ya ardhi ukaulize mwenyewe. Vishoka hawalali.

Na wewe mjamzito uliyefika wiki ya 36, hii ni yako peke yako: andika anwani kwenye karatasi kubwa, bandika nyuma ya mlango. Namba ya nyumba, kibao, alama, na wapi gari linageukia. Uchungu ukikuanza usiku, atakayepiga simu anaweza kuwa dada wa kazi aliyefika juzi kutoka kijijini. Asome tu.

SEHEMU YA 7: Yule bibi wa vitumbua

Namalizia. Miezi kadhaa baadaye nilipita kule mtaani, nikanunua vitumbua nimshukuru. Nikamuuliza, bibi umejuaje? Akacheka. Akasema yeye amezaa watoto sita, wawili kwa jina la kwanza la ile njia na wanne kwa jina la pili, na sasa ana kitukuu kwa hili la tatu. "Wanakuja wanaandika, wanaondoka. Sisi tunabaki tunaelekeza watu."

Nimelibeba hilo neno. Kila mtaa una mtu wa namna hiyo, anayejua majina yote kwa mpangilio. Nenda ukamuulize wakati bado yupo. Mpe mtoto naye asikilize. Ni historia hiyo, na ipo siku itamfikisha mtu mlangoni kwako.

Kesho kutwa nipo zamu ya asubuhi. Ukija na kadi, nitakuuliza: "Unakaa wapi, na zamani palikuwa panaitwaje?" Usinishangae.

Lala salama mama. Angalia neti ya mtoto kabla hujazima taa.